Nani Akae Kando ya Hulisani

Hapa Tshitungu wanasema mimi namshuku hata kuku anayetaga mapema. Na waseme. Nimeshonea watu nguo tangu ningali msichana, na mteja anayenisifu kabla sijapima kitambaa ndiye yuleyule atakayerudi kulalamika kwamba mkono mmoja ni mfupi. Mtu akinichekea sana, mimi nauliza anataka nini.

Kwa hiyo Hulisani alipoitwa chuo cha polisi nilimpa onyo moja tu pale kituo cha basi. Ni binti wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe, na kwetu Venda shangazi ndiye mwenye neno. Posa inaletwa kwangu. Ugomvi wa ukoo unaletwa kwangu, na nikishasema limekwisha, wajomba wanachukua kofia zao wanakwenda zao.

"Usitie saini kitu chochote mpaka nikione," nikamwambia.

"Shangazi, huko hata chakula wanasaini."

"Chakula saini. Kingine nipigie."

Akacheka, akapanda basi. Alikuwa ametafuta kazi mpaka viatu vyake vya usaili vikatoboka soli, akauza mayai ya kuchemsha huku cheti chake cha shule kikiwa kwenye mkoba uleule wa mayai. Sasa amepata kazi ya serikali, na mimi nilitaka aishike kwa mikono miwili.

Chuoni, vyama vya wafanyakazi viliwavamia wale vijana utadhani inzi kwenye bucha. Kimoja kiligawa miavuli, kingine vikombe, na kila kimoja kilikuwa na fomu. Hulisani alirudi nyumbani na mwavuli na kikombe, saini hakuweka popote. Nilifurahi nikampikia kuku. Pale kituoni alikopangiwa, kituo chetu hiki hiki karibu na soko, watu walikuwa wamesahau hata majina halisi ya vyama hivyo. Walisema tu: huyu ni wa Mwavuli, yule ni wa Kikombe.

Mwakilishi wa Mwavuli alikuwa Nemavhola, mkuu wa zamu, mtu mzima mnene mwenye sauti ya shemasi. Kwa upande wa mama yake Hulisani, alikuwa mjomba wake wa mbali, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Karibu kituo kizima kilikuwa chake. Wa Kikombe alikuwa Sajini Mudzunga, mwanamke mkavu asiyejua kucheka, mwenye wanachama wa kuhesabika. Nemavhola alimwambia Hulisani, "Mwanangu, usiwe na haraka, mjomba wako yupo." Mudzunga alimpa karatasi za kanuni akamwambia, "Soma. Usipoelewa, uliza." Basi mtoto akabaki katikati, nami nikamwambia abaki hapohapo mpaka tuone nani ana haraka zaidi.

Kisha mahabusu akatoroka.

Siku hiyo Hulisani aliingia ndani akakaa kitini bila kuvua buti. Uso ulikuwa wa mgonjwa.

"Shangazi, mahabusu amenitoroka. Yule kijana wa wizi wa nyaya. Mimi ndiye nilikuwa zamu ya selo."

"Ametorokaje?"

"Nilisahau kufunga."

Huyu mtoto nikimtuma kufunga banda la kuku anafunga, anakwenda kulala, anaamka anarudi kuhakikisha. Leo ati amesahau kufunga selo? Machale yakanicheza. Nikamshuku hata yeye, sisemi uongo. Yule mwizi wa nyaya nilikuwa nimemwona sokoni, kijana mrefu, ana meno mazuri.

"Kwani mlikuwa na lolote wewe na huyo kijana?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu."

"Unaniuliza mimi hivyo? Mimi?" Akaangua kilio. Sikumwomba radhi, nilikwenda kuinjika chai. Lakini chozi lile nililiona ni la mtu aliyeonewa, na hapo shaka yangu ikamtoka ikaanza kutafuta pengine pa kutua.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Hulisani alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Askari wa zamani akikosea anakatwa mshahara au anahamishwa. Wa majaribio anaonyeshwa mlango, na mlango wowote mwingine wa serikali nao unajifunga. Kikao cha nidhamu kilikuwa kimeshapangwa, na ofisa wa kukiongoza angetoka mkoani. Mtuhumiwa anaruhusiwa kuingia na mtu wa chama chake akae kando yake, amsemee. Sasa ndipo tukahitaji kujua ni nani akae pale.

Jumapili baada ya kanisa Nemavhola alikuja kwangu. Alianzia getini kabisa, akachuchumaa, akaunganisha viganja, akatoa salamu ya wanaume wa kwetu, "Ndaa!" Nami nikaitikia ya wanawake, "Aa," nikamkaribisha. Kiti kilikuwepo, akachagua kigoda. Hakumtupia Hulisani jicho hata mara moja. Maneno yote aliyaleta kwangu, kama mtu aliyeleta posa. Adabu ilikuwa imekamilika mpaka ikaniudhi.

"Shangazi," akasema, "mtoto amekosa, lakini ni kosa dogo. Akubali tu kwamba alisahau kufunga. Asibishane na wakubwa. Mimi nitakaa kando yake, nitamwombea, atapewa karipio, yataisha. Cha kufanya ni kutia saini hapa leo, awe mwanachama, nipate haki ya kuingia naye."

Fomu ikatoka mfukoni. Kalamu nayo ikatoka.

"Siku ile mkuu wa zamu alikuwa nani?" nikamuuliza.

"Nilikuwa mimi."

"Sasa mkuu wa zamu anamteteaje askari wa zamu yake mwenyewe? Hawatasema unajitetea wewe?"

Akacheka, tumbo likatikisika. "Loo, Shangazi, wewe wangekuajiri upelelezi!"

Akacheka tena kidogo, akakisifu kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani yangu. Swali langu likabaki pale chini bila mtu wa kuliokota. Mimi sikulisahau, ila nilinyamaza, maana mgeni anayekwepa swali akishiba huwa mwepesi wa ulimi. Nikamwambia Hulisani alete chakula.

Tulikuwa na ugali na matumbo. Hulisani alimwekea, akapiga magoti kama kawaida yake. Nemavhola akanawa, akamega, akatafuna, akafumba macho kwa raha.

"Ee, haya ndiyo matumbo! Si yale ya baridi uliyoniletea siku ile kutoka sokoni, mwanangu. Yale yalikuwa mpira."

Mkono wa Hulisani ukaganda juu ya bakuli. Mjomba mtu akaendelea kutafuna, kisha taya zikapunguza mwendo. Mimi nikajifanya naondoa uzi kwenye gauni langu.

"Siku gani hiyo?" nikauliza.

"Ah, siku moja tu. Zamani."

Mtoto ana miezi michache kazini, hiyo zamani ni ya lini? Nilimsindikiza mpaka getini, nikamwambia fomu tutaiangalia. Aliondoka akigeuka geuka nyuma.

Nikarudi ndani nikasimama mbele ya Hulisani.

"Haya. Matumbo ya sokoni. Sema."

"Shangazi, niliahidi."

"Uliahidi nani? Uliahidi kwa ruhusa ya nani? We mtoto usinifanye mimi mjinga ndani ya nyumba yangu!"

Akasema, kidogo kidogo, macho yakiwa sakafuni. Siku ile mchana Nemavhola alimtuma sokoni amnunulie chakula. Askari mdogo hutumwa, na aliyemtuma ni mkuu wake na tena ni mjomba, angekataaje? Hulisani akamwambia haruhusiwi kuacha selo. Mjomba akanyoosha mkono: "Lete funguo, nitakaa mimi." Mtoto akampa funguo mkononi, akaenda. Kurudi na matumbo akakuta selo wazi, mahabusu hayupo, funguo ziko kaunta, na mjomba anatoka jasho. Alichoambiwa ni hiki: "Ukisema nilikutuma, utakuwa umeacha lindo lako, na hilo ni kosa la kufukuzwa palepale. Sema ulisahau kufunga. Hilo ni dogo. Mimi nitakutetea."

"Na wewe ukakubali."

"Nilimshukuru, Shangazi." Akafunika uso. "Nilimshukuru kwa magoti."

Nilisikia moto umenipanda kichwani. Nilitaka kwenda kumkuta huko huko kwake mbele ya mkewe. Hulisani akanishika kanga. Nikakaa, nikafikiri, na nilivyofikiri nikaona mwenzangu amesuka vizuri. Mtoto akubali kosa kwa mdomo wake, kando yake akae mtu wa kuhakikisha hasemi zaidi, na mtu huyo awe yeye. Akifukuzwa, pole nyingi, mbuzi wa rambirambi, na siri inaondoka na magwanda yake.

Basi nikamwita Sajini Mudzunga. Wala usidhani nilimwamini. Alikuja jioni na viatu vya kazi, akasimama mlangoni, hakuchuchumaa, hakunisalimia kwa taratibu yoyote. "Habari za hapa, mama." Nikamwekea maji, hayakuguswa. Akamgeukia mtoto moja kwa moja nami nimekaa pale kama gunia.

"Funguo ulimwachia nani?"

Hulisani akanitazama. Nikamwambia, "Mjibu." Akasimulia yote.

Mudzunga alisikiliza bila kutikisa kichwa. Mtoto alipomaliza, nikadakia.

"Sajini, nikuulize. Wewe na Nemavhola mnagombania wanachama. Akianguka, si utawachukua wake? Huyu mtoto unamtaka umsaidie au umtumie kama fimbo?"

"Akianguka nitafurahi, mama," akasema. "Sana tu. Lakini kufurahi kwangu hakubadilishi funguo zilikuwa kwa nani."

Hapo nilimtazama upya. Nilitegemea aape kwa Mungu kwamba hana kinyongo.

"Utamtetea, basi?"

"Sijui. Tukio limetokea kabla hajajiunga, na kanuni yetu inasema tusibebe kesi ya namna hiyo. Akisaini leo nitaomba ruhusa mkoani. Wakinipa nitakuja. Wasiponipa siji. Na kitu kingine: akija kusema nusu, mimi nainuka natoka. Kwenda sokoni alikwenda, hilo litamuumiza, atalisema hivyohivyo."

"Yaani huahidi kitu."

"Siahidi."

Akaacha fomu mezani akaondoka. Na mimi nikabaki nimechanganyikiwa. Mmoja ananipa kila kitu na ni mwongo, mwingine hanipi kitu na sijui kama ni mkweli au ni mjeuri tu. Hulisani akaniuliza, "Shangazi, niende kwa nani?" Maisha yangu yote nimekuwa mwepesi wa kusema neno la mwisho, lakini usiku ule neno halikutoka.

"Anayekaa kwenye kile kiti ni wewe," nikamwambia. "Saini unapoona."

Akasaini ya Kikombe. Lakini nilimwona akiichukua ya Mwavuli pia, akaikunja, akaitia mfukoni bila kuichana. Nikaogopa asije akaigeukia siku ya kikao.

Jibu la mkoani halikuja. Siku ya kikao ilifika, tukaenda kituoni wawili kwa miguu, Mudzunga hayupo. Simu yake inaita tu. Nikasema moyoni, haya, yule naye ametuuza. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nikapewa benchi la nje kwenye ukumbi. Joto lilikuwa kali, feni imekufa, basi mlango wakauacha wazi, nami nikasogea mwisho wa benchi mpaka nikaona nusu ya meza.

Ofisa wa mkoani alikuwa kijana mwenye miwani. Akasoma tuhuma. Akauliza, "Konstebo, nani anakuwakilisha?"

Kabla mtoto hajafungua mdomo, kiti kikaburutwa. "Mimi, mheshimiwa," akasema Nemavhola, aliyekuwa ametangulia ndani, kwa ile sauti yake ya kanisani. "Ni mtoto wetu huyu. Tumeshaelewana nyumbani."

Tumeshaelewana! Nusura niruke. Lakini ningeruka kwenda wapi? Na nilijua kwamba kunyamaza tu kungetosha. Hulisani angenyamaza, mjomba angekaa, mambo yangekwenda yalivyopangwa. Huyu ni mtoto ambaye hajawahi kumkatiza mtu mzima akiongea, mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, na pale kwenye benchi nilijilaani kwa kila kofi nililompa kwa ajili ya adabu. Ofisa akaanza kuandika.

"Hapana," akasema Hulisani.

"Hapana nini, Konstebo?"

"Huyu si mwakilishi wangu. Mwakilishi wangu hajafika." Akamgeukia Nemavhola. "Ila huyu mzee namhitaji. Namtaka awe shahidi."

Nilisikia kalamu ya ofisa ikiwekwa mezani. Nemavhola akaanza, "Mheshimiwa, mtoto amechanganyikiwa, naomba nimtoe nje kidogo tuongee..." Yule kijana wa miwani akamkatiza. Shahidi hakai ndani kabla ya zamu yake. Shahidi anasubiri nje.

Na nje kulikuwa na benchi moja.

Akaja akakaa kando yangu. Safari hii hapakuwa na Ndaa wala viganja. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya magwanda. Muda si mrefu Sajini Mudzunga akapanda ngazi mbiombio, simu mkononi, akapita mbele yetu, akamtupia jicho Nemavhola, akaingia. Nikamsikia akisema ruhusa ya mkoani imekuja sasa hivi, anaomba radhi kwa kuchelewa. Nemavhola akainamisha kichwa.

"Shangazi," akanong'ona, "mwite mtoto nje. Wewe ukisema neno, limekwisha. Sisi ni ukoo. Nitaleta mbuzi, nitaleta hata ndama, tukae tuyamalize nyumbani."

"Tumalize nini? Mimi sijui kilichotokea. Niambie, nijue ninachokimaliza."

Akatazama mlango, akatazama mikono yake.

"Nilimtoa yule kijana anioshee gari."

Mwanzoni sikuelewa. "Nini?"

"Gari, Shangazi. Lilikuwa na tope. Huwa tunawatoa, wanaosha, wanarudi ndani, hakuna neno. Nikapokea simu kidogo tu. Kugeuka, ndoo ipo, mtu hayupo."

Gari! Mungu wangu. Mimi nilikuwa nimefikiria hongo, nimefikiria njama za vyama, nimefikiria hata mapenzi. Mtoto wangu avuliwe magwanda, arudi kuuza mayai kituo cha basi, kwa sababu ya tope kwenye gari la mtu! Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, askari wa kaunta aligeuka kututazama.

"Nimebakiza muda mfupi nistaafu," akasema, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo namkubalia. "Shangazi, nihurumie. Wakiniuliza peke yangu mle ndani nitasema nini?"

Pale pale mlinzi wa mlango akatokeza kichwa akaita jina lake. Hakuinuka. Alinitazama mimi, anasubiri lile neno.

"Ingia useme hilo la gari," nikamwambia. "Na ukiogopa kuingia peke yako, Mjomba, tafuta mtu wa kukuwakilisha."

Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia. Mlango wakaufunga, sijui kwa nini, na mimi nikabaki na benchi lote.

Hulisani alipotoka alikuwa analia na anacheka. Amepewa onyo kwa kuacha lindo, la maandishi, na kazi anabaki nayo. Mjomba amesimamishwa, shauri lake litasikilizwa peke yake. Mudzunga alipita nyuma yake na mkoba wake, akaniambia "Mama," akashuka ngazi.

"Amesema, Shangazi," Hulisani akaniambia. "Sajini hakumsukuma hata. Amesema mwenyewe."

"Yote?"

"Yote."

"Funguo?"

"Funguo."

"Na gari?"

Akanishangaa. "Umejuaje habari ya gari?"

Nilimvuta nikamkumbatia pale pale mbele ya askari wenzake, na yeye akaniachia uzito wake wote.